Stebilaiza ya lenzi: lini uiwashe na lini uizime unaporekodi video

Tazama video ya mazishi au harusi iliyorekodiwa kwa mkono kutoka nyuma ya hema. Msemaji yuko mbele, mpiga video amevuta zumu hadi mwisho, na picha inaelea kama mtumbwi uliofungwa kamba ufuoni Dunga. Mara nyingi lenzi hiyo huwa na stebilaiza, yaani mtambo wa kutuliza picha, na mara nyingi huwa imewashwa. Shida ni kwamba aliyeishika hakujua kazi yake inaishia wapi.

Ndani ya lenzi ya aina hii mna sensa za jairo. Moja huhisi kamera inapoinama juu na chini, nyingine inapogeuka kushoto na kulia. Zikihisi mtikisiko, saketi huziagiza koili za sumaku zisukume kundi dogo la vioo upande utakaoirudisha picha mahali pake. Canon ndiyo iliyotangulia kuuza lenzi ya kubadilisha yenye mtambo huo, EF 75-300mm, mwaka 1995, na tangu hapo kila kampuni imeipa herufi zake: Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm na Panasonic OIS, Tamron VC, Sigma OS. Tafuta herufi hizo kwenye lenzi kabla ya kutafuta swichi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ya Canon, ile inayopendwa sana kwa bei yake, haina. Usipoteze muda kwenye menyu.

Sensa hizo hazijui nia yako. Zinajua tu kwamba kamera imegeuka. Kasoro karibu zote tutakazozitaja hapa chini zinatokana na jambo hilo moja.

Inachoweza na isichoweza

Chukua lenzi ya 55-250mm (mm kubwa huleta kitu karibu, mm ndogo huona pana) kwenye Canon yenye sensa ya picha ya ukubwa wa APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili. Ukifika 250mm, fremu nzima inaona upana wa digrii 5 tu. Mkono ukiyumba nusu digrii, picha inahama sehemu moja ya kumi ya fremu, karibu pikseli 190 kwenye video ya upana wa 1920. Rudi kwenye lenzi ya kawaida, 18mm: fremu inaona digrii kama 64, na nusu digrii ileile ni pikseli 15 hivi. Mkono ni uleule, lakini kasoro imepungua zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana stebilaiza hulipa gharama yake kwenye zumu ndefu. Kwenye lenzi pana, ukiwa umesimama, tofauti ni ndogo.

Ukitembea mambo hubadilika, na si kwa faida yako. Kila hatua huinua na kushusha kamera nzima sentimita kadhaa, bila kuigeuza sana. Stebilaiza ya lenzi hurekebisha kugeuka. Haihisi kuinuliwa wala kushushwa. Isipokuwa lenzi chache za makro, ambazo hujaribu kurekebisha hata kusogea kidogo, lakini hizo ni za kupiga mdudu na pete ya harusi, si za kumfuata bibi harusi mlangoni. Pia haiwezi kuzuia picha isilale upande, yaani upeo wa macho kuinama kama meza iliyovunjika mguu. Hilo hurekebishwa na kamera zenye sensa inayoelea ndani ya mwili, zile za mhimili 5 (zinazotuliza mwendo wa aina tano), tena kwa kiasi.

Na haigandishi mtu. Mchezaji wa ngoma ya isukuti anayeruka atabaki na ukungu wa mwendo hata kamera iwe imepigwa misumari ukutani. Mwendo wa mtu ni kazi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga.

Kuandaa kamera

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde. Umeme wa Kenya ni wa herzi 50, kwa hiyo 1/50 au 1/100 hukuepusha na taa za ukumbini kumetameta kwenye video. Ukiwa juani na 1/50 inachoma picha, funika lenzi kwa filta ya ND (kioo cheusi kinachopunguza mwanga) badala ya kupandisha shata hadi 1/1000. Shata ya kasi hufanya kila mtikisiko mdogo uonekane kama mkwaruzo, kwa sababu ule ukungu laini uliokuwa ukiuficha haupo tena. Watu wengi huilaumu stebilaiza kwa kosa hili.

Sasa swichi. Kwenye lenzi nyingi iko ubavuni. Lenzi kadhaa za Nikon za AF-P hazina swichi. VR yake huwashwa kwenye menyu ya kamera, na baadhi ya miili ya kamera za zamani haina menyu hiyo. Kwenye kamera za Canon za R zenye stebilaiza mwilini, lenzi ya IS ikiwa na swichi, swichi hiyo ndiyo hutawala zote mbili. Ukiizima kwenye lenzi, ya mwili nayo imezimika. Usije ukaitafuta kwenye menyu ukidhani kamera imeharibika.

Lenzi kubwa huwa na swichi ya pili yenye namba. Namba 1 hutuliza pande zote, na hii ndiyo ya kazi ya kawaida: mahojiano, hotuba, mtu aliyekaa. Namba 2 ni ya kufuata kitu kinachopita. Lenzi huacha kupigana na upande unaogeukia na kutuliza ule mwingine tu. Namba 3, ikiwepo, ilitengenezwa kwa picha za mnato na hufanya kazi wakati wa kufyatua tu. Kwenye video isahau. Kwa Nikon, neno "Normal" ni la ardhini, "Active" ni la ndani ya gari au chombo kinachotikisika, na "Sport" ni la kufuata vitu vya kasi.

Kitu kingine kabla hujabonyeza kitufe chekundu: ipe stebilaiza muda. Ikiwashwa, vioo huchukua sekunde moja au mbili kutulia katikati, na katika muda huo picha huruka kidogo. Anza kurekodi sekunde 5 kabla ya msemaji kushika maikrofoni. Kwenye upigaji picha wa kawaida stebilaiza huamka unapobonyeza kitufe nusu. Kwenye hali ya video, Canon huiacha ikifanya kazi muda wote. Maana yake ni betri. Betri ndogo ya LP-E17, mAh 1040, haitamaliza hotuba za ukoo mzima. Beba tatu.

Mkono wenyewe

Stebilaiza ina nafasi ndogo ya kusogeza vioo. Ukiijaza yote kwa mikono mibaya, haibakiwi na kitu. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, kiganja juu, si ubavuni. Viwiko viguse mbavu. Vuta mkanda wa shingoni hadi ukaze, ukisukuma kamera mbele, ili shingo na mikono miwili iwe nguzo tatu. Unaporekodi kwa dakika nyingi mahojiano ya mzee aliyekaa kitini, piga goti moja na uweke kiwiko juu ya goti lingine, lakini si mfupa juu ya mfupa: weka nyama ya nyuma ya kiwiko, la sivyo mkono utateleza.

Pumzi nayo huonekana. Kwenye 200mm na zaidi, kifua kikipanda na picha hupanda. Pumua taratibu kwa pua, usishike pumzi. Ukiishika sekunde 15 mikono huanza kutetemeka na mambo huwa mabaya kuliko mwanzo.

Kwa mazishi na sherehe za nyumbani, monopodi ni nafuu kuliko gimbali (kishikio chenye motor za kutuliza kamera) na hufaa zaidi. Huchukua nafasi ya mguu mmoja tu katikati ya viti vya plastiki, na hukutolea uzito mikononi. Ukiwa na monopodi acha stebilaiza iwake, kwa sababu bado unayumba kushoto na kulia. Bora zaidi, mwombe mapema mzee wa kamati nafasi karibu na spika za mbele. Mita 10 ulizosogea zitakufanyia kazi ambayo lenzi ya laki moja haiwezi.

Kugeuza kamera

Hapa ndipo stebilaiza huonekana kama adui. Unageuza kamera taratibu kutoka kwa kwaya hadi kwa jeneza. Mwanzoni picha inakataa kwenda: jairo zimehisi kugeuka, zikadhani ni mtikisiko, vioo vimesukumwa kinyume. Vikifika mwisho wa njia yake, picha inaruka mbele. Unasimama, na picha inaendelea kidogo halafu inarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu. Ukiona hivyo kwenye skrini, si wewe; ni vioo vinavyorudi katikati.

Tiba yake: tumia namba 2 kama ipo. Kama haipo, geuza kwa mwendo mmoja usiobadilika, uanze taratibu na umalize taratibu, na ukifika usisimame ghafla. Lenzi nyingi za kisasa hutambua zenyewe mgeuko wa aina hiyo, lakini haziutambui mgeuko wa kusitasita. Kwa kasi, kadiria hivi: kitu kilichoingia upande mmoja wa fremu kichukue kama sekunde 7 kutokea upande wa pili. Ukienda kwa kasi zaidi, fremu 25 zitaonekana zikigonga-gonga hata bila stebilaiza. Isipokuwa unafuata kitu, kama fahali wanaokimbizana uwanjani kule Kakamega. Hapo macho ya mtazamaji yako kwa fahali, na nyasi za nyuma zikigonga hakuna atakayezitazama. Kwenye mapigano ya mafahali usivute zumu hadi mwisho. Umati husukuma, na ukiwa 250mm bega moja la jirani linatosha kukupotezea pigo lenyewe. Baki 70 hadi 100, simama palipoinuka kidogo, kata picha baadaye.

Tripodi

Kamera ikiwa juu ya tripodi iliyokazwa, zima. Jairo zinatafuta mtikisiko ambao haupo. Baadhi ya lenzi husoma mtetemo wa vioo vyake zenyewe, zikaurekebisha, zikauzidisha. Picha huanza kuogelea polepole upande mmoja. Lenzi mpya hutambua tripodi na kujinyamazisha, lakini hata hizo ukigeuza kichwa cha tripodi zitakupa ule mrudi wa mwisho tuliousema. Kwa kazi ya tripodi hatuoni sababu ya kubahatisha. Zima, na betri nayo itakushukuru.

Kuna hali ambapo tripodi si tripodi. Jukwaa la mbao ambalo watu wanacheza juu yake. Kichwa kilicholegezwa ili ufuate mchezo wa mpira. Upepo wa alasiri wa Ziwa Victoria ukipiga lenzi ndefu kama tanga. Hapo iwashe, lakini kwanza jaribu kilo 3 au 4 za mawe kwenye mfuko ulioning'inizwa katikati ya tripodi, ukiugusa ardhi ili usiyumbe.

Garini, majini na kwenye boda

Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru utarekodi kutoka garini. Mwombe dereva azime injini. Mtetemo wa dizeli ni wa kasi na hauishi, na stebilaiza huumudu kwa shida. Ukichanganya na 300mm, faru anaonekana kama anachemka. Injini ikizimwa, tandaza mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 za maharagwe au mchele kwenye ukingo wa dirisha na ulaze lenzi juu yake. Acha stebilaiza iwake, kwa sababu abiria wanapogeuka viti gari hutikisika. Waambie wakae sekunde 20 tu, watu huvumilia sekunde 20. Kama gari liko kwenye mwendo, usiegemeze kiwiko mlangoni wala lenzi kwenye chuma. Mwili wako ndio springi bora uliyo nayo.

Juani, joto linalopanda kutoka kwenye magadi ya ufuo hupinda mwanga, na flamingo wa mbali watatetemeka hata stebilaiza ikiwa kamili. Hiyo ni hewa. Rudi asubuhi.

Kwenye boti chanzo cha taabu ni kulala upande, na tumeshasema lenzi haiwezi hilo. Keti katikati ya boti, chini, mbali na injini ya nyuma. Tumia upana wa 18 hadi 24mm. Weka ukingo wa boti ndani ya fremu: jicho la mtazamaji likiona ubao na maji kwa pamoja, hukubali kuyumba kama safari, badala ya kukuona kama mpiga video asiyejua kazi. Ukirekodi kwa 4K (picha yenye upana mara mbili ya 1080) na kutoa kazi kwa 1080, utakuwa na nafasi ya kunyoosha upeo wa macho kwenye kompyuta.

Simu ni habari nyingine. Simu nyingi za bei ya kati na juu zina stebilaiza ya kioo kwenye kamera kuu, na vioo hivyo ni vidogo vinavyoshikiliwa na sumaku. Mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, unaopitia kwenye fremu na usukani, unaweza kuharibu mtambo huo. Kwa hiyo ile kishikio cha simu kinachofungwa moja kwa moja kwenye usukani wa boda si mahali pa simu unayotegemea kwa video. Iweke mfukoni. Vishikio na kava zenye sumaku kali karibu na kamera nazo huvuruga stebilaiza; ukiona picha inatetemeka garini na kutulia ukiitoa kishikioni, umepata mchawi.

Sauti

Stebilaiza hutoa mlio mwembamba, kama mbu aliye mbali, na lenzi za zamani hutoa mtafuno kabisa. Weka sikio karibu na lenzi iliyowashwa, utausikia. Maikrofoni ya ndani ya kamera iko sentimita chache kutoka hapo, na kamera ikiwa imeachiwa ijipandishie sauti yenyewe, kila msemaji anaponyamaza mlio huo hupanda. Maikrofoni ya kubana kifuani, au waya kutoka kwa fundi wa sauti, humaliza tatizo. Kama huna, shusha kiwango cha sauti kwa mkono na usiache kamera iamue.

Stebilaiza ya kioo, ya kidijitali na ya kompyuta

Kamera nyingi hukuongezea stebilaiza ya kidijitali. Hii haisogezi kioo chochote. Hukata kingo za picha na kuhamisha kipande kinachobaki. Gharama yake ni upana. Lenzi yako ya 18mm itaona kama ya 20 na zaidi, na ukichagua kiwango cha juu, zaidi ya hapo. Pia haifuti ukungu ulioingia ndani ya fremu: kwenye giza la ukumbini, shata 1/50, utaona picha imesimama kabisa lakini inavimba na kunywea kila unapokanyaga. Juani ukitembea, pandisha shata hadi 1/100 ili upunguze uvimbe huo. Msituni Kakamega, ambako majani hula mwanga hata saa sita mchana, izime kabisa na utegemee ya lenzi.

Gimbali na lenzi pana: zima ya lenzi kwanza, jaribu, kisha washa ulinganishe. Motor na vioo vikivutana utaona picha inaruka kwa hatua ndogondogo. Ukiona pembe za picha zinatetemeka kama uji huku katikati pametulia, hiyo ni ya mwili wa kamera ikihangaika na lenzi pana sana. Vuta zumu hadi 24mm hivi au izime.

Kwenye kompyuta, programu ya DaVinci Resolve hata toleo lake la bure hutuliza klipu vizuri. Ipe klipu ambayo haijapitia stebilaiza ya kidijitali, la sivyo itakuwa inarekebisha marekebisho. Na kama unatumia Gyroflow, inayosoma data ya jairo za kamera, kwa kamera nyingi stebilaiza ya kioo lazima iwe imezimwa wakati wa kurekodi. Programu inajua kamera ilivyogeuka. Mara nyingi haijui vioo vilivyosogea.

Kupima lenzi ya mtumba kabla ya kulipa

Muuzaji atakuonyesha vioo visivyo na ukungu na mwili usio na mikwaruzo. Stebilaiza haionekani kwa macho, kwa hiyo ipime hivi, pale pale dukani, dakika 5:

1. Funga lenzi kwenye kamera, vuta zumu hadi mwisho, lenga maandishi ya bango la ng'ambo ya barabara.
2. Rekodi sekunde 20 stebilaiza ikiwa imezimwa, kisha sekunde 20 ikiwa imewashwa, bila kubadilisha namna unavyoshika.
3. Rekodi tena ikiwa imewashwa, kamera imelazwa juu ya kaunta bila kuguswa.
4. Geuza taratibu kushoto, simama. Geuza kulia, simama. Fanya vivyo hivyo juu na chini.
5. Tazama klipu zote kwa ukubwa kamili, si kwenye skrini ndogo ya kamera.

Ikiwa klipu mbili za kwanza zinafanana, stebilaiza haifanyi kazi. Ikiwa inatuliza upande mmoja tu, kwa mfano kushoto-kulia imetulia lakini juu-chini inaruka, jairo moja au koili moja imekufa. Ikiwa kwenye kaunta picha inatetemeka yenyewe, na kutetemeka kunaisha ukizima swichi, mtambo umeharibika na kuutengeneza mara nyingi ni ghali kuliko punguzo atakalokupa. Kuogelea polepole kwenye kaunta hakutoshi kuikataa lenzi ya zamani. Ni ile tabia ya tripodi.

Ukiitoa lenzi na kuitikisa ukasikia kitu kinagonga ndani, usikimbie. Vioo vya stebilaiza huwa huru umeme unapokatika, na huzidi kugonga lenzi ikivuliwa kabla haijamaliza kujifunga. Irudishe kwenye kamera, washa, zima, subiri sekunde mbili, halafu uivue. Kama kugonga huko bado kupo na jaribio la bango limepita, lipa.